SIAGI TAMU YA ASALI: TUITENGENEZE WENYEWE NYUMBANI

Mkate mkavu haumtoshi mtoto aendaye shule kwa miguu, wala askari atokaye lindo alfajiri. Lakini siagi ya dukani ni ghali, na ile ya bei nafuu mara nyingi si siagi bali ni majarini, yaani mafuta ya mimea. Ipo njia nyingine: kutengeneza siagi yetu wenyewe na kuitia asali.

Tuchukue mfano wa Lumbadzi, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu iendayo kaskazini kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Mbele yake, wilayani Dowa, iko Dzaleka, palipokuwa gereza la wafungwa wa siasa zama za Rais Kamuzu Banda, na ambapo tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi. Wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika huko kila siku. Nyanda hizo zina mwinuko wa mita zaidi ya 1,000. Ng'ombe wa maziwa hufugwa, karanga hulimwa, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi. Baridi hiyo humsaidia sana mtengeneza siagi.

Vinavyohitajiwa

Maziwa ya ng'ombe lita 5, asali safi, chumvi kidogo, chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko, au kibuyu kisafi. Kilo moja ya siagi huhitaji maziwa kiasi cha lita 20. Kwa hiyo lita 5 hazitatoa zaidi ya robo kilo.

Namna ya kutengeneza

Chemsha maziwa ili kuua vijidudu vya kifua kikuu na maradhi mengine. Yamimine katika sufuria pana, funika, yaache usiku kucha mahali penye ubaridi. Asubuhi engua malai yote yaliyo juu.

Tia malai ndani ya chupa hadi nusu tu, kisha tikisa kwa dakika 15 hadi 30. Kutikisa hupasua utando mwembamba unaozunguka matone ya mafuta, nayo hushikana. Malai yatakuwa mazito, kisha ghafula utaona punje za manjano zikielea katika mtindi. Penye joto, tumbukiza chupa katika maji baridi kwanza, kwani mafuta laini hayashikani.

Chuja. Mtindi usiumwage, unywe, au ukandie unga wa maandazi. Osha siagi kwa maji baridi yaliyokwisha kuchemshwa, ukiikanda kwa mwiko mpaka maji yatoke meupe kabisa. Mtindi ukibaki ndani, siagi huchacha upesi.

Sasa tia chumvi, kisha asali: kijiko kikubwa 1 kwa kila vijiko 3 vya siagi, kidogo kidogo huku ukipiga kwa mwiko. Asiye na asali atumie sukari iliyotwangwa laini, maana sukari ya chenga haiyeyuki katika mafuta.

Onyo kwa wazazi

Katika jamaa nyingi mtoto mchanga hulambishwa asali. Desturi hii ni ya hatari. Asali yaweza kuwa na mbegu za vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya tumbo la mtoto aliye chini ya miezi 12. Misuli yake hulegea, akashindwa kunyonya na hata kupumua. Kuchemsha asali jikoni hakuziui mbegu hizo. Mtoto aliyekwisha kuanza kula lakini hajatimiza mwaka, mtengee siagi isiyotiwa asali wala chumvi.

Kuhifadhi

Weka siagi katika chombo kikavu chenye kifuniko, uchote kwa kijiko kikavu. Pasipo jokofu, imalizeni kwa siku tatu au nne. Ikinuka uchachu, itupwe.

Asiyepata maziwa anaweza kukaanga karanga, kuzisaga na kuzitia asali vivyo hivyo. Azichambue kwanza, zilizoota ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi azitupe, kwa sababu huenda zina sumukuvu, nayo haiondoki kwa kukaangwa.

Kazi hii si ya akina mama peke yao. Baba akirudi kazini aishike chupa naye, na watoto wapokezane kuitikisa. Siagi hii ipakwe juu ya mkate, chapati au kiazi kitamu cha moto, na jamaa nzima ishibe.