Cheni ya Boda Hailegei Bure

Wanangu, sogeeni. Leo tuifuate nguvu ya pikipiki kutoka kwenye injini hadi tairi la nyuma. Safari yenyewe haifiki hata mita moja, lakini ndani yake pesa nyingi za watu wa boda hupotelea.

Tuanzie Kawangware, pale panapoitwa 46. Mwendeshaji amefunga gunia la sukuma wiki nyuma ya kiti. Anashika Naivasha Road, anatokea Ngong Road, halafu anakata kuingia Kibera mpaka Olympic. Kila anapovuta mafuta, injini inazungusha sproketi ndogo iliyofichwa chini ya kifuniko. Sproketi hiyo inavuta cheni, na cheni inavuta sproketi kubwa iliyofungwa kwenye gurudumu. Gunia, mtu na mlima, vyote vinavutwa na meno machache yaliyoshika cheni wakati huo.  Hata baiskeli ya kaka yako imeundwa vivyo hivyo.

Sasa tuingie ndani ya cheni, maana humo ndimo kuna kisa. Cheni ya namna hii ilibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, Mswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza. Kila kiungo kina pini, na pini inazunguka ndani ya kibomba kidogo kiitwacho bushi. Juu ya bushi kuna rola, na rola ndiyo inayokaa kwenye jino la sproketi. Kati ya pini na bushi, mahali jicho halifiki, ndipo oili inapotakiwa.

Na ndipo vumbi linapopenda kuingia. Lile vumbi jekundu la Kawangware likichanganyika na oili iliyozeeka hugeuka msasa. Linasaga pini polepole, usiku na mchana boda ikiwa kazini. Watu husema cheni imevutika. Chuma hakijavutika hata kidogo! Kila pini imelika unywele mmoja tu, lakini pini ni zaidi ya mia, na unywele mia ukijumlishwa cheni inaning'inia.

Hili unaweza kulipima kwa rula yako ya shule. Boda nyingi hutumia cheni ya namba 428, ambayo toka pini moja hadi ya pili ni milimita 12.7. Vuta cheni ikaze, kisha pima viungo 20. Mpya itakupa sentimita 25.4. Ukipata 25.9, imerefuka kwa asilimia 2, na wakati wake wa kustaafu umefika.

Hapo ndipo ubishi huanza kwenye kibanda cha fundi. "Fundi, nibadilishie cheni peke yake. Sproketi bado iko sawa." Fundi mwenye subira humjibu, "Kijana wangu, hebu tazama meno yake." Meno yamechongoka, yamelalia upande mmoja. Yamelika kwa kufuata urefu wa cheni iliyochakaa, kwa hivyo cheni mpya haikai vizuri juu yake, nayo italika kabla ya wakati. Mimi niko upande wa fundi: cheni na sproketi zote mbili hubadilishwa pamoja. Tena ile ndogo ndiyo huumia zaidi. Tuseme ina meno 14 na kubwa ina 42. Gurudumu likizunguka mara moja, ndogo imezunguka mara tatu, kwa hivyo kila jino lake limefanya kazi mara tatu.

Kuitunza si kazi kubwa. Cheni husafishwa kwa brashi na mafuta ya taa, ikafutwa ikauka, kisha ikapakwa oili ya giaboksi, namba 90, kwa upande wa ndani. Cheni ikizunguka, oili husukumwa nje kupitia viungo. Inayozidi ifutwe, la sivyo inaita vumbi jingine. Wengi hupaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Najua ni ya bure, na mfuko haujajaa, lakini imebeba masizi na unga wa chuma, yaani tumeongeza kile tulichokuwa tunakiondoa.

Halafu kuna kukaza. Cheni hairuhusiwi kukazwa ikawa kama waya. Gurudumu linapopanda juu kwenye shimo, cheni huzidi kukaza, na isipokuwa na nafasi itaumiza beringi. Ikilegea mno nayo huruka meno, na inaweza kufunga gurudumu la nyuma barabarani. Kwa boda nyingi, ukiisukuma katikati upande wa chini, icheze kama sentimita mbili hadi tatu. Fundi mzuri huzungusha gurudumu na kupima mahali kadhaa, kwa sababu cheni hailiki sawasawa, kisha huirekebisha kwa kipimo cha pale ilipokaza zaidi. Hutazama alama za pande zote mbili za ekseli zilingane, gurudumu lisikae upande. Na kwa kuwa cheni hukazwa kwa kurudisha gurudumu nyuma, breki ya fito nayo imekaza, kwa hivyo huirekebisha kabla ya kukurudishia pikipiki.

Mwisho huangalia klipu ya kile kiungo cha kuunganishia. Upande wake uliofungwa lazima uelekee kule cheni inakokwenda. Ikiwekwa kinyume, kitu chochote kikiigusa kinaweza kuing'oa.

Wanangu, nawasihi jambo moja. Msiguse cheni injini ikinguruma, hata kwa kitambaa, maana kitambaa huvutwa pamoja na mkono. Zimeni injini, toeni ufunguo, zungusheni gurudumu kwa mkono, na vidole vikae mbali na pale cheni inapoingia kwenye meno.