Kinachoyachosha Mapaja Katika Mbio Fupi za Baiskeli

Mwaka 1993 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililoonekana jepesi. Wanaume 8 walinyonga baiskeli ya maabara kwa nguvu zao zote kwa sekunde 6, wakapumzika sekunde 30, kisha wakarudia, hadi mbio 10 zikatimia. Mbio ya kwanza ilitoa wastani wa wati 870. Ya kumi ilifikia asilimia 73 tu ya kiwango hicho.

Nguvu hiyo ilipotelea wapi?

Pedeli inaposhuka, goti hunyooshwa na misuli minne ya mbele ya paja. Ili ifanye kazi kwa kasi hiyo, misuli hutegemea zaidi fosfokreatini, akiba ndogo inayorudisha nishati papo hapo, pamoja na sukari iliyohifadhiwa ndani yake. Vinofu vya msuli vilivyochukuliwa kwa sindano vilionyesha kwamba mbio ya kwanza pekee ilipunguza fosfokreatini kwa asilimia 57. Akiba hiyo huhitaji dakika kadhaa kurudi kama ilivyokuwa. Sekunde 30 hazitoshi.

Wanamichezo wengi huilaumu laktati. Hata hivyo, katika mbio ya kumi laktati ya msuli haikuongezeka, maana uchomaji wa haraka wa sukari ulikuwa umefifia sana. Mwili ulikuwa ukitegemea mabaki ya fosfokreatini na oksijeni, ambayo huleta nishati polepole zaidi. Wakati huohuo fosfati hujikusanya ndani ya msuli na kudhoofisha mkazo wake.

Amri kutoka kwenye ubongo nazo hupungua. Vibandiko vinavyowekwa juu ya msuli mkubwa wa upande wa nje wa paja hunasa umeme wake, na katika majaribio mengi ya mbio za kurudiarudia umeme huo hushuka kadiri uchovu unavyozidi. Nyuzi zinazoitwa kazini huwa chache, hata kama mwendeshaji anajitahidi kwa moyo wote.

Kwa hiyo kocha anayetaka kasi ya juu ampe mwendeshaji dakika tatu hadi tano kati ya mbio moja na nyingine. Anayetaka ustahimilivu apunguze mapumziko, na ajenge pumzi kwa safari ndefu, kwa sababu oksijeni ndiyo inayoijaza upya akiba ya paja. Mapumziko yapangwe kwa saa, sawa na mbio zenyewe.