Glasi za mvinyo: Chagua vizuri, hesabu ushuru mapema
Mfanyabiashara anayepeleka glasi za Kariakoo kwenye baa za Nairobi au Kampala aanze na kinywaji, ndipo aulize bei. Mvinyo mwekundu hutaka glasi yenye tumbo pana ili harufu itoke vizuri. Mweupe, tumbo dogo. Zote ziwe na mguu mrefu, mkono usipashe kinywaji joto. Wiski huhitaji glasi fupi yenye kitako kizito.

Kila glasi ikaguliwe kwenye mwanga: yenye ufa haifiki salama.

Mpakani, cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Glasi za China hazikistahili, hata zikinunuliwa Kariakoo. Asiyehesabu ushuru mapema huacha faida yake mpakani.