Mizinga Ina Majina, Wapagazi Je?

Mgeni azuruye Fort Jesus mjini Mombasa hukuta mizinga miwili isiyohusiana hata kidogo na Wareno, walioanza kuijenga ngome hiyo mwaka wa 1593. Mmoja ulitoka katika Königsberg, manowari ya Wajerumani. Wa pili ulitoka katika Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na hiyo Königsberg huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Mahasimu wa jana leo wamewekwa pamoja.

Nilipowapeleka wanafunzi wangu huko, mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mzinga wa meli ulifikaje nchi kavu?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Königsberg ilijificha katika delta ya Mto Rufiji, na mwezi wa Julai 1915 ikaangamizwa huko. Wajerumani waliiopoa mizinga yake yote 10, wakaitumia vitani bara na kuilinda pwani. Lakini chuma hakina miguu. Mizinga hiyo iliburutwa kwa kamba na mamia ya Waafrika. Mzinga tunaujua jina, na meli yake pia. Waliouburuta hatuwajui.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya ya pwani yanatuhusu nini sisi watu wa Ikutha, kusini mwa Kitui? Yanatuhusu sana. Kwanza, wamishonari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walikuwa na kituo papa hapa Ikutha tangu miaka ya 1890, na vita hivyo ndivyo vilivyoikomesha kazi yao. Pili, na hili ndilo kubwa, mwaka wa 1917 Waingereza waliwakusanya wanaume kwa nguvu kote nchini, Ukambani ikiwemo, wakawabebeshe askari risasi na chakula. Wapagazi zaidi ya 40,000 kutoka nchi ambayo leo ni Kenya hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, malaria na njaa.

Ngome zao ziko wapi? Mpagazi hakujenga ngome. Alichotuachia ni neno. Kikosi chake kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kutokana na jina hilo tukapata Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wapo wanaodhani kwamba Kariakoo ni Kiingereza kilichoharibiwa. La hasha! Katika neno *corps*, Mwingereza mwenyewe hazitamki herufi mbili za mwisho, na hata ile *r* kwa kawaida huimeza. Mswahili aliandika alichokisikia, na alisikia sawasawa. Kila siku maelfu ya watu hununua vitambaa na mboga katika masoko hayo, wala hawajui kwamba wanalitaja jeshi la watu waliokufa.

Neno, hata hivyo, halitoshi. Sanamu za vita zilizopo katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, zinamwonyesha mpagazi, lakini hazitaji jina la mpagazi hata mmoja. Mwaka wa 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kutowakumbuka Waafrika kama ilivyowakumbuka Wazungu. Radhi hiyo ni njema, ila haiwezi kutaja majina ambayo hayakuandikwa.

Sisi tunaweza. Wapagazi wamekwisha kufa, lakini wajukuu wao ndio wazee wa leo, na majina ya babu zao wangali nayo. Walimu wenzangu, hasa mnaofundisha Kiswahili na historia, wapeni wanafunzi zoezi hili likizo ijayo: kila mmoja amwendee mzee wa kwao, amwulize nani katika ukoo alichukuliwa na hakurudi, kisha aandike jina hilo kama linavyotamkwa nyumbani, si kama karani wa kigeni angaliliandika. Daftari hizo zihifadhiwe shuleni.

Mzinga wa chuma utadumu Fort Jesus miaka mia nyingine. Mzee hatangoja hivyo.