Waterfront ya Cape Town kwa Jicho la Familia ya Kiislamu

Familia zetu zinapojaaliwa kufika Afrika Kusini, aghalabu hutaka kuiona V&A Waterfront, eneo la maduka na mikahawa lililo bandarini Cape Town, chini ya Mlima wa Meza. Nasi tumelizuru, wala hatuna sababu ya kumkataza mtu. Linalotusikitisha ni kwamba wengi hurejea na mifuko ya nguo bila kujua walisimama wapi.

Herufi hizo mbili ni za Victoria na Alfred. Mwana huyo wa Malkia wa Uingereza alizindua ujenzi wa ukuta wa kukinga mawimbi mwaka 1860, kisha suluba ya mawe wakaachiwa wafungwa. Hapo hapo leo ndipo zinapong'oa nanga boti za kwenda Robben Island. Watoto wetu wanakijua kisiwa hicho kwa jina la Nelson Mandela. Ni wachache waliosimuliwa habari za Imam Abdullah bin Qadhi Abdus Salaam, mwanachuoni wa Tidore, katika Indonesia ya leo, ambaye Waholanzi walimfunga kisiwani humo mwaka 1780. Akiwa kifungoni aliiandika Qur'ani kwa mkono wake kutoka kifuani, kwa kuwa alikuwa hafidhi. Alipoachiwa alifungua madrasa iliyosomesha hata watumwa, na Msikiti wa Auwal ukaasisiwa mtaani Bo-Kaap mwaka 1794, zama ambazo Waislamu hawakuruhusiwa kuabudu hadharani. Watu wa Cape humwita Tuan Guru.

Bo-Kaap si mbali na bandari. Tungependelea familia iswali adhuhuri huko kwanza, maduka yafuate. Waislamu wengi wa mji ule ni Mashafi, kama sisi wa pwani, basi hata mtoto hajihisi mgeni safuni.

Ama chakula, tazameni cheti cha halali cha Muslim Judicial Council, wala msitosheke na kauli ya mhudumu. Samaki ni halali, naam, lakini nchi ile ni ya mizabibu, na mvinyo huingia hata katika mchuzi. Tena Mtume (s.a.w.) ametukataza kuketi kwenye meza inayozungushwa pombe, hata kama sahani yetu ni safi.

Boti za kisiwani husitishwa bahari inapochafuka. Ziara hiyo iwekeni siku za mwanzo za safari, ili ikiahirishwa ibaki nafasi.