Kurudi Kazini Baada ya Shambulio la Moyo, na Kudumu Humo

Mtu aliyepata shambulio la moyo, akiisha kuruhusiwa kutoka hospitali, huulizwa na ndugu zake: utarudi lini kazini? Ni swali halali, kwani nyuma yake ipo ada ya shule na kodi ya nyumba. Lakini liko swali la pili, ambalo huulizwa mara chache: je, ataweza kudumu huko?

Utafiti wa nchini Denmark uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia wagonjwa wa namna hii zaidi ya 22,000 waliokuwa na ajira. Takriban tisa katika kila kumi walirudi kazini ndani ya mwaka mmoja. Hata hivyo, kati ya hao waliorudi, karibu robo walikuwa wametoka tena katika ajira kabla ya mwaka mwingine kwisha, na waliokuwa katika hatari zaidi ni wenye elimu na kipato kidogo. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi yenye hifadhi imara ya jamii, sisi tuna sababu ya kutafakari.

Shambulio hutokea pale mshipa unaoulisha msuli wa moyo unapoziba, na sehemu ya msuli huo ikafa. Kovu huchukua majuma kadhaa kukomaa. Ikiwa moyo haukudhurika sana, karani aweza kurudi mezani pake mapema kuliko mbeba magunia, ambaye asinyanyue mzigo kabla ya daktari kumpima na kumruhusu. Lakini mwili ukipata nafuu, hofu hubaki: kila kichomi cha kifua hudhaniwa kuwa ndicho cha mwisho. Wengi hupatwa na sonona. Na mwenye sonona huacha dawa kwa urahisi, jambo linaloweza kumletea shambulio jingine.

Kwa waajiriwa wa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila kipindi cha miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri atafute kwanza kazi mbadala au kurekebisha iliyopo, kabla ya kufikiria kumwachisha mgonjwa. Kinachohitajika mara nyingi si gharama kubwa: saa chache mwanzoni, kuondolewa zamu ya usiku, ruhusa ya kwenda kliniki bila kununiwa. Kumweka mtu pembeni asiwe na la kufanya, kisha kuita hiyo kazi nyepesi, ni kumfukuza polepole.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kuwa thamani ya kazi hutokana kwanza na mtu anayeifanya. Na katika namba 22 aliitaka jamii iwape nafasi ya kazi wale ambao nguvu zao zimepungua.

Mama lishe na dereva wa bodaboda hawana likizo ya ugonjwa. Kwao, Jumuiya Ndogo Ndogo ndiyo ya kwanza kutazamwa. Mchango wa kulipia hospitali ni jambo jema, nasi tumeuzoea. Mwezi wa sita, mchango ukiisha kusahaulika, mama huyo bado anahitaji kijana wa kumtekea maji na kumbebea gunia la mkaa alfajiri, ili wateja wake wasihamie kibanda cha jirani.