Mutombo, Mnoma wa Zii

Enda korti yoyote Nairobi Jumamosi mchana, iwe YMCA Shauri Moyo ama ile ya simiti nyuma ya shule ya mtaa, ucheki vile mabeshte wanapiga boli. Kila msee ni Steph Curry. Kila msee anarusha three kutoka huko kwa geti, na ikikosa anaangalia mikono yake ni kama ndio imemsnitch. Kurudi difensi? Hakuna. Ribaundi ni kazi ya yule mrefu hajui kudunda.

Leo acha niwabongee kuhusu yule mrefu.

Jina yake yote ni Dikembe Mutombo Mpolondo Mukamba Jean-Jacques Wamutombo. Ukimaliza kuisoma mat imeshafika tao. Alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, mzae wake akiwa odijo, na hiyo keja ilikuwa na watoi wengi. Basket hata haikuwa rada yake. Yeye alikuwa msee wa football, tena golikipa. Ni watu wa kwao walimsukuma ajaribu kikapu, juu urefu ulikuwa umekataa kuisha: alikuja kusimama futi 7 na inchi 2. Siku ya kwanza kwa korti aliteleza, akapasua kidevu. Angesare hapo, na hakuna mtu angemlaumu.

Mwaka wa 1987 akaland majuu, Washington, chuo cha Georgetown, kwa skolashipu ya serikali ya Marekani. Na cheki, hakuitwa juu ya boli. Plan ilikuwa akuwe daktari. Kizungu hakuwa anakijua, so mwaka wa kwanza hakucheza, alikuwa anakomaa na lugha tu. Lakini kocha pale alikuwa John Thompson, jamaa mwenyewe mrefu, aliyewahi kukaa benchi ya Boston Celtics nyuma ya Bill Russell. Huyo ni mzee alijua difensi ni nini. Msee wa futi saba akipita mbele ya mzee kama huyo, unadhani ataachwa aende akasome tu? Thompson akamweka pamoja na mchezaji mwenzake Alonzo Mourning, na wakazima ring kabisa. Mafans wakaanzisha sehemu yao uwanjani, wakaiita Rejection Row.

Udaktari ulipotea njiani, lakini vitabu havikupotea. Alimaliza 1991 na digrii ya isimu na diplomasia, na huyu ni msee alikuwa anabonga lugha kama tisa: Kifaransa, Kihispania, Kireno, Kilingala, Kitshiluba na zingine. Likizo moja hadi alifanya kazi ya uanagenzi World Bank. Wewe ukiambiwa ufanye attachment mahali unaanza kulia fare.

Mwaka huo huo Denver Nuggets wakamchukua namba 4 kwa drafti. Na hapa ndio story inakuwa tamu. Msimu wake wa kwanza alifunga pointi 16.6 kwa kila mechi, akapelekwa All-Star mara moja. Hiyo namba hakuwahi kuifikisha tena maisha yake yote. Ukihesabu misimu yake yote 18, alikuwa anafunga 9.8 kwa mechi. Hata kumi haikufika, na bado alienda All-Star mara nane. Pointi zilishuka, thamani ikapanda. Alijua timu zina wafungaji kibao, na wenye kuzuia ni wachache, so akaamua huo ndio utakuwa mkate wake.

Akabloki mpaka ikawa noma. Kuanzia 1994 hadi 1996 aliongoza ligi kwa bloku, miaka mitatu mfululizo. Tuzo ya difenda bora wa mwaka alibeba mara nne: 1995, 1997, 1998 na 2001. Akistaafu alikuwa na bloku 3,289, na kwa historia yote ya NBA mtu mmoja tu ndio amempita, Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Yaani namba moja na namba mbili wote wametoka hii bara yetu. Na ukiingia ndani kwake bila hodi, kulikuwa pia na viwiko. Viwiko vya Mutombo viliacha watu na meno za kutafuta.

Halafu kidole. Ukirusha, anaizima, anakuangalia, anainua kidole cha shahada na kukitingisha polepole: zii, zii, zii. Wazungu walichizi. Ligi ikaona ni dharau, marefa wakaanza kumpiga faulo na faini zikafuata. Yeye naye akapata njia: badala ya kumtingishia mchezaji, anageukia mafans. Bado ujumbe unafika.

Kama unataka usiku mmoja wa kumwelewa, ni Mei 1994. Nuggets waliingia mtoano wakiwa namba 8, timu ya mwisho kabisa, wakapewa Seattle SuperSonics walioshinda mechi 63 msimu huo. Mshindi ni wa kwanza kufikisha tatu. Denver wakachapwa mbili za kwanza, na kila mtu akajua imeisha. Wakashinda ya tatu. Wakashinda ya nne. Ya tano, kwa Seattle, ikaenda hadi muda wa ziada, ikaisha 98 kwa 94. Mutombo alikuwa amepiga bloku 31 kwa hizo mechi tano. Filimbi ya mwisho ilimpata chini sakafuni, mgongo chini, boli ameishika juu kwa mikono miwili, anacheka. Haikuwa imewahi kutokea namba 8 kumtoa namba 1.

Baadaye alienda Atlanta Hawks kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni 50, kisha 2001 akajiunga na Allen Iverson pale Philadelphia wakafika fainali. Huko alipatana na Shaquille O'Neal wa Lakers, na wacha tuseme ukweli: Shaq alimfungia wastani wa pointi 33 kila mechi, Lakers wakabeba 4 kwa 1. Ring ya ubingwa hakuwahi kuvaa. Alizunguka Nets, Knicks na Houston Rockets, na Aprili 2009, akiwa na miaka 42, goti ikaharibika kwa mtoano dhidi ya Portland. Hapo ndio aliachia.

Sasa tubonge chapaa, juu hapo ndio mastaa wengi huanguka. Akiwa bado anacheza, mathe yake aliaga Kinshasa kwa machafuko ya miaka ya tisini. Aligonjeka, barabara zilikuwa zimefungwa, hospitali haikufikika. Mutombo hakuandika tu jina la mathe kwa kiatu. Alijenga hospitali. Ya vitanda 300, huko Masina, Kinshasa, na akaiita Biamba Marie Mutombo. Iligharimu karibu dola milioni 29, na kama milioni 15 zilitoka mfukoni mwake. Ilianza kupokea wagonjwa 2007. Kabla ya hapo, kwa Olimpiki ya Atlanta 1996, ndiye aliyelipia sare na gharama za madem wa timu ya kikapu ya Zaire, vile Kongo iliitwa wakati huo. Keja yake mwenyewe iliongezeka watoi wanne, wa mabrathe za mke wake waliokuwa wamefariki. Na 2021 akafungua shule Mbuji-Mayi kwa jina la mzae wake.

Hall of Fame walimwingiza 2015. Hawks na Nuggets wakatundika jezi yake namba 55 juu, hakuna mwingine ataivaa hapo. Matangazo pia yalimtafuta: 2013 kampuni ya bima ilimweka kwa tivii akibloki karatasi za ofisi na maboksi ya nafaka supamaketi, kidole juu. Aliaga Atlanta tarehe 30 Septemba 2024, saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58.

So wasee, kufunga ni poa, hakuna mtu amekataa. Lakini mtaa umejaa wafungaji ambao hawafungi. Kama una urefu, kama una mapafu, kama una roho ya kugongwa na kuamka, kuna kazi iko wazi chini ya ring na hakuna mtu ameapply. Huyu msee wa Kinshasa aliifanya misimu 18, akala vizuri, na doh yake bado inatibu watu Masina. Jumamosi ijayo, ukirusha na ikose, usiangalie mikono. Rudi difensi.